Ludwig Mond: Jamaa aliyechuma mamilioni kwenye taka za viwanda

KAMA una susu kule Nunguni au popote vilimani Kilungu, bila shaka unajua siri ya isyo inayoiva mapema. Mahindi na maharagwe makavu yanaweza kuchemka mchana kutwa na bado yakasumbua meno. Lakini susu akitupia kipande kidogo cha magadi kwenye sufuria, maharagwe yanalainika, kuni zinabaki na watoto wanalala wameshiba.

Kipande hicho ni kemia tupu. Magadi hayo hayo, yakisafishwa kiwandani, ndiyo hutumika kutengeneza vioo vya madirisha, chupa za soda na sabuni ya unga.

Chini ya vilima vya Kilungu, upande wa Barabara Kuu ya Mombasa, inapita reli ya zamani iliyojengwa na Waingereza. Pale Konza, reli hiyo ina tawi linalokata kuelekea Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado, umbali wa zaidi ya kilomita 140. Tawi hilo lilijengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa sababu moja tu: kuyatoa magadi ziwani na kuyafikisha bandarini Mombasa. Njiani yanapitia Sultan Hamud, Emali na Kibwezi, yaani Makueni yenyewe.

Mwaka 1924, kampuni iliyokuwa ikichimba magadi hayo ilichukuliwa na kampuni ya Uingereza iliyoitwa Brunner Mond. Jina hilo la pili, Mond, ni la Mjerumani mmoja ambaye hadithi yake kila kijana anayesaka riziki mtaani anafaa kuijua. Alitajirika kwa kuuliza swali moja, tena na tena: hapa kiwandani, ni nini kinachotupwa?

KIJANA ASIYE NA DIGRII

Ludwig Mond alizaliwa Machi 7, 1839 mjini Kassel, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea kemia chini ya vigogo wawili wa enzi hizo. Katika Chuo Kikuu cha Marburg alifundishwa na Hermann Kolbe, na kule Heidelberg akafundishwa na Robert Bunsen. Huyu Bunsen ndiye ambaye jina lake liko kwenye kile kichomea gesi cha maabara ya shule.

Mond hakumaliza digrii. Alitoka chuoni akaingia kazini moja kwa moja, akihama kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Akiwa na umri wa miaka 22 hivi, alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha magadi karibu na nyumbani kwao. Hapo ndipo alipokutana na uvundo uliobadilisha maisha yake.

UVUNDO WA MAYAI YALIYOOZA

Zamani hizo, Ulaya haikuwa na ziwa kama Magadi letu. Watu walihitaji magadi kwa ajili ya vioo, sabuni na nguo, kwa hivyo walilazimika kuyatengeneza kwa chumvi ya kawaida. Mbinu iliyotumika iliitwa Leblanc, kwa jina la Mfaransa aliyeivumbua.

Mbinu hiyo ilifanya kazi, lakini ilikuwa chafu ajabu. Kwanza chumvi ilichomwa pamoja na asidi ya salfa. Hapo ilitoka gesi kali ya asidi, ambayo ilikausha miti na mashamba ya majirani. Malalamiko yalizidi hadi Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuidhibiti mwaka 1863. Kisha mchanganyiko ulichomwa tena na makaa ya mawe pamoja na mawe ya chokaa, magadi yakaoshwa na kutolewa, na kilichobaki kikawa tope la kijivu lililojaa salfa.

Tope hilo lilimwagwa nje ya kiwanda likawa vilima. Mvua ikinyesha, vilima hivyo vilitoa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Wenyeji walilaani, wenye viwanda wakaziba pua na kuendelea kuhesabu faida.

Mond aliona kitu kingine. Salfa iliyokuwa kwenye tope lile ilikuwa imenunuliwa kwa pesa. Mwenye kiwanda alilipa ili iingie kupitia lango la mbele, kisha akaitupa kupitia lango la nyuma. Kwa ufupi, vilima vile vinavyonuka vilikuwa akaunti ya benki ambayo hakuna aliyejua kutoa pesa zake.

Akabuni njia. Alipuliza hewa ndani ya tope ili salfa ibadilike na kuweza kuyeyuka kwenye maji. Kisha akayatia maji hayo asidi, na salfa ikajitenga na kutulia chini. Utamu wa hesabu yake ni kwamba asidi yenyewe ilikuwa taka nyingine ya kiwanda hicho hicho. Taka moja ilitumika kuikomboa nyingine.

Mwaka 1862 alivuka bahari hadi Uingereza kuuza ujuzi wake, akaingia katika kiwanda cha John Hutchinson mjini Widnes, mji uliokuwa umegubikwa na moshi na tope. Njia yake ilirudisha sehemu tu ya salfa, si yote. Baada ya miaka kadhaa wengine walikuja na mbinu bora zaidi. Lakini ilimpa jina, na ilimpa rafiki. Katika ofisi ya Hutchinson kulikuwa na karani mkuu aliyejua vitabu vya hesabu kuliko mtu yeyote pale. Aliitwa John Brunner.

MKOPO, UBIA NA KIWANDA KILICHOKATAA KUTII

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1870, Mond alikuwa ameshasikia habari za Mbelgiji, Ernest Solvay, aliyekuwa akitengeneza magadi bila uchafu wa Leblanc. Mwaka 1872 alimwendea Ubelgiji, akaona mitambo kwa macho yake, na wakaafikiana apewe kibali cha kuitumia mbinu hiyo Uingereza.

Mwaka 1873 Mond na Brunner waliungana. Hawakuwa matajiri, hivyo walilazimika kutafuta pesa za watu. Walinunua shamba la Winnington, karibu na mji wa Northwich, eneo ambalo chumvi imejaa chini ya ardhi. Shamba lilikuja na jumba kubwa la kifahari, na familia zote mbili zikahamia humo, kila moja upande wake.

Uzalishaji ulianza 1874, na hapo ndipo cha mtema kuni kilipoonekana. Mabomba yaliziba, mitambo ikavunjika, hasara ikafuatana na hasara. Mond alihama karibu kabisa kutoka jumbani kwenda kiwandani, akirekebisha mtambo mmoja baada ya mwingine. Iliwachukua miaka kadhaa kabla ya kiwanda kuanza kulipa. Mwaka 1881 ubia wao uligeuzwa kuwa kampuni kamili ya hisa, na baadaye ikakua ikawa mojawapo ya wazalishaji wakubwa zaidi wa magadi duniani.

Kwa nini mbinu ya Solvay ilishinda? Jibu ni lile lile, kutotupa.

Unachukua maji ya chumvi, unayalowesha na gesi ya amonia, kisha unapitisha gesi ya kaboni inayotokana na kuchoma mawe ya chokaa. Kunatokea unga mweupe, ndugu wa baking powder unayotumia kwa mandazi. Ukiuchoma unga huo, unapata magadi safi.

Shida ni kwamba amonia ilikuwa ghali mno. Ukiiacha ipotee, umefilisika. Kwa hivyo siri ya biashara nzima ni kuirudisha. Maji yanayobaki hutiwa chokaa, amonia hutoka tena ikiwa gesi, nayo hurudishwa mwanzo wa mtambo ifanye kazi upya. Amonia ile ile huzunguka na kuzunguka. Mchango mkubwa wa Mond Winnington ulikuwa kuziba mianya, mmoja mmoja, hadi amonia iliyopotea ikawa kidogo sana.

Kisha akauliza, amonia yenyewe tunainunua wapi? Makaa ya mawe yana nitrojeni ndani yake. Katika miaka ya 1880 alibuni tanuri ambalo makaa ya bei nafuu yalipulizwa hewa na mvuke mwingi. Lilitoa vitu viwili kwa mpigo: gesi ya kuendeshea mitambo na amonia iliyonaswa. Amonia hiyo ingeweza pia kugeuzwa kuwa mbolea ya kuuzia wakulima. Gesi hiyo ikaitwa kwa jina lake, gesi ya Mond.

VALI ILIYOHARIBIKA

Bado kulikuwa na taka moja iliyomnyima usingizi. Katika mbinu ya Solvay, klorini yote iliyomo kwenye chumvi hupotea ndani ya maji machafu. Wapinzani wake wa Leblanc waliiuza klorini hiyo kwa viwanda vya kung'arisha nguo, na ndiyo iliyowaweka hai. Mond akataka yake pia.

Alibuni mtambo wa kuikomboa, wenye vali zilizotengenezwa kwa nikeli, kwa sababu maabarani nikeli ilikuwa imestahimili vizuri gesi kali za kazi hiyo. Lakini kiwandani vali zikaanza kuharibika na kufunikwa na masizi meusi. Maabarani nzima, kiwandani zinaoza. Kwani kuna nini?

Mtu mwingine angebadilisha vali akaendelea na maisha. Mond na wasaidizi wake, Carl Langer na Friedrich Quincke, waliifuata shida hadi mwisho. Waligundua kwamba gesi iliyotumika kiwandani ilikuwa na kiasi kidogo cha kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayoua watu wanaolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa.

Wakaanza kupitisha gesi hiyo juu ya unga wa nikeli. Kwa usalama, gesi iliyotoka upande wa pili waliichoma ili isijae chumbani. Siku moja mtambo ulipokuwa ukipoa, mwali ule ukabadilika ghafla ukang'aa. Walipoweka kigae baridi kwenye mwali, kikapakwa utando wa chuma unaong'aa. Ilikuwa nikeli. Chuma kizito kilikuwa kimegeuka gesi, kikasafiri hewani, kisha kikarudi kuwa chuma!

Waliutangazia ulimwengu ugunduzi huo mwaka 1890. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona jambo kama hilo. Mond aliona biashara papo hapo. Nikeli huchimbwa ikiwa imechanganyika na shaba na vyuma vingine, na kuitenganisha kulikuwa kazi ngumu na ghali. Sasa ungeweza kupitisha kaboni monoksaidi kwenye mchanganyiko huo kwa joto la digrii 50 hivi, nikeli peke yake ikapaa kama gesi na kuviacha vyuma vingine chini. Ukiipasha gesi hiyo joto hadi digrii 200 na zaidi, nikeli safi inabaki na kaboni monoksaidi inarudi kazini. Hapo tena hakuna kinachotupwa.

Mwaka 1900 ilianzishwa kampuni ya nikeli ya Mond. Mawe yalichimbwa Sudbury, Kanada, na kusafishwa Clydach, Wales. Kiwanda hicho cha Clydach kingali kinasafisha nikeli kwa msingi ule ule hadi leo, na sanamu ya Mond imesimama nje yake. Nikeli hiyo iko kwenye vijiko visivyoshika kutu na kwenye betri nyingi za magari ya umeme. Ndiyo maana mashapo makubwa ya Kabanga, wilaya ya Ngara nchini Tanzania, yanatolewa macho na wawekezaji.

Kumbuka mwanzo wake. Klorini aliyokuwa akiitafuta haikumpa utajiri aliotarajia. Vali iliyoharibika ndiyo iliyompa.

DENI LILILOBAKI

Si vizuri kumwimbia mtu sifa tu kwa kuwa amekufa. Mond na Brunner walikuwa waajiri wenye nafuu kwa viwango vya enzi hizo. Katika miaka ya 1880 walianza kuwapa wafanyakazi likizo yenye malipo, na wakapunguza zamu za saa 12 kuwa za saa 8, jambo lililokuwa nadra.

Lakini ile gesi ya nikeli ni sumu kali kuliko hata kaboni monoksaidi yenyewe. Miaka ya mwanzo ya Clydach, wafanyakazi waliivuta, wakaugua, na baadhi wakafa. Miongo kadhaa baadaye iligunduliwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda hicho walikuwa wakipata saratani ya pua na ya mapafu kwa wingi usio wa kawaida.

Kule Winnington nako, klorini ambayo Mond hakuweza kuikomboa kwa faida iliishia kwenye maji machafu yaliyomwagwa. Ukitazama vizuri utaona mpaka wa falsafa yake. Kilichokuwa na bei kilirudishwa ndani. Kisichokuwa na bei, iwe ni maji ya mto au mapafu ya mfanyakazi, kiliachiwa wengine wakilipie.

Hayo si mambo ya Wazungu wa kale pekee. Hapa Kenya, kijijini Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi kiliwaachia wakazi sumu kwenye damu, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, aliongoza kampeni hadi kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na kesi ikaendelea kupanda ngazi hadi Mahakama ya Juu. Kukomboa risasi kutoka kwa betri ni wazo zuri kabisa. Hesabu ndiyo iliyofanywa nusu.

KUTOKA WINNINGTON HADI KONZA

Mond alifariki London Desemba 11, 1909 akiwa tajiri mkubwa. Alikuwa ameipa Taasisi ya Kifalme ya Uingereza maabara ya utafiti mwaka 1896, na sehemu kubwa ya michoro yake ya mabingwa wa Italia aliiachia Jumba la Taifa la Sanaa la London.

Miaka miwili baada ya kifo chake, 1911, Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa na reli ya kutoka Konza ikaanza kuwa jambo la kweli, ikielekea kwenye ardhi ya Wamaasai. Kwa wenye viwanda wa Ulaya, Ziwa Magadi lilikuwa habari ya kutisha. Kile walichokitengeneza kwa amonia, mabomba na makaa ya mawe, kilikuwa kimelala juu ya ziwa kikisubiri kuchotwa na kuchomwa tu.

Kampuni hiyo changa ilipolemewa na madeni, Brunner Mond wakaichukua 1924. Miaka miwili baadaye, mwanawe Ludwig, Alfred Mond, aliunganisha Brunner Mond na kampuni nyingine tatu kuunda ICI, jitu la kemikali la Uingereza, na akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Magadi yetu yakaingia humo. Mwaka 1991 jina la Brunner Mond likarudi, na kufikia 2006 kampuni ya Tata kutoka India ilikuwa imenunua kila kitu.

Mwaka 2014, utengenezaji wa magadi Winnington, pale Mond alipohangaika na mabomba yake, ulikoma. Ziwa Magadi linaendelea. Swali la nani hasa anafaidika na magadi hayo, kati ya mwekezaji, serikali na jamii inayoishi kando ya ziwa, bado linaleta joto Kajiado.

KWA HIVYO WEWE?

Vijana wengi Nairobi tayari wanaishi kwa taka, iwe ni Dandora wakiokota plastiki au mtaani wakinunua simu mbovu ili kung'oa vipuri. Wanachofanya wengi ni kuchambua kwa mikono na kumuuzia dalali kwa kilo. Pesa kubwa iko kwenye hatua inayofuata, ile ya kujua kilichomo ndani na kukitenganisha. Hatua hiyo inataka kemia, mtaji, na mtu wa hesabu kama Brunner kando yako. Kuchoma nyaya kando ya barabara ili upate shaba si njia ya mkato, ni kujiuzia saratani kwa bei ya hasara.

Wala si lazima uanzie kwenye vyuma. Makueni ni nyumbani kwa maembe, na kaunti ina kiwanda cha kusindika matunda kule Kalamba. Embe likikamuliwa, ganda na kokwa hubaki. Ndani ya kokwa hilo kuna mafuta ambayo watengenezaji wa vipodozi duniani huyatumia kulainisha ngozi. Kwa wengi ni uchafu wa kuvutia nzi.

Mond angeanza kwa kupima: kokwa ni kilo ngapi kwa msimu, mafuta ni asilimia ngapi, kuyatoa kutagharimu nini, na yakishatoka, makapi yatakayosalia yatakwenda wapi. Hilo la mwisho yeye hakulijibu vizuri. Kijana wa Kilungu anayesoma kemia leo hana kisingizio cha kuliacha.